Franka ya sokoni inakwenda wapi? Mazungumzo juu ya mali na mashauri ya mji, Butembo na Beni

Leo tunaongea jambo ambalo wengi hulitamka kwa hasira na wachache kwa hesabu. Franka anayotoa mama asubuhi, pale anapopanga mihogo yake sokoni, inakwenda wapi? Ni nani anayekata shauri juu yake? Na mtu akiona amedhulumiwa, agonge mlango upi? Tunaongea na jamaa za wahamaji wa vita, wale tunaowaita wadeplase, na pia na mashefu wa kartie, wakubwa wa selile, wazee wa makanisa na wa misikiti, kwa sababu wao ndio wanaoulizwa kwanza, na mara nyingi wanajibu bila karatasi mkononi.

Pengine mtu atasema: kipindi cha amani kinahusikaje na kodi? Kinahusika sana. Hasira isiyojua anwani humwangukia jirani. Mwenyeji anasema, tangu hawa waje maji hayatoshi, takataka zimejaa, na msaada ni wao peke yao. Mhamaji anasema, wakubwa wa mji wanakula msaada wetu, kisha wanatutoza kodi. Kila mmoja ameona kipande cha ukweli, lakini anakipeleka mahali pasipo. Hivyo ndivyo watu wanaochota kisima kimoja wanavyoanza kutazamana vibaya.

Tuanze na mji wenyewe. Katiba ya nchi yetu, iliyotangazwa tarehe 18 mwezi wa pili 2006, inasema katika kifungu cha 3 kwamba mji, komini, sekta na sheferi vinajitawala katika mambo yao. Maana yake, mbele ya sheria mji ni kama mtu mzima: una mfuko wake, unaweza kununua na kudai, kushitaki na kushitakiwa. Butembo ina komini nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Beni pia ina nne: Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Kila komini ina mfuko wake, mbali na mfuko wa mji. Lakini kartie haimo katika hesabu hiyo. Kartie ni mkono wa komini. Shefu wake anatumwa, hana mfuko wala uwezo wa kutunga kodi. Tafadhali mshike neno hilo, tutalirudia.

Sheria nambari 08/016 ya tarehe 7 mwezi wa kumi 2008 ndiyo inayoeleza kazi za ndani. Inagawa mji pande mbili. Upande mmoja kuna baraza la mji: ndilo linalopitisha bajeti, linalokubali au kukataa, linalomwita meya aeleze hesabu. Upande wa pili kuna watendaji: meya, msaidizi wake, na watu watatu wanaoitwa maeshevini. Komini nayo ni vivyo hivyo, ina baraza lake, halafu burgumesta, msaidizi na maeshevini wawili. Meya anachaguliwa na baraza la mji, na wajumbe wa baraza la mji wanachaguliwa na wajumbe wa komini, ambao wanachaguliwa na ninyi. Ni ngazi: ukikosa ya chini huwezi kupanda ya juu.

Sasa niwaulize, baba zetu na mama zetu: baraza hilo mmeliona? Katika uchaguzi wa tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023, kura ya wajumbe wa komini ilipigwa katika miji mikuu ya majimbo tu. Butembo na Beni hazikuwa katika orodha hiyo. Ngazi ya chini ikakosekana, na viti vya baraza vikabaki vitupu. Meya anayepaswa kutoka kwa watu anateuliwa kutoka juu. Tena, kuanzia tarehe 6 mwezi wa tano 2021, Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Maofisa wa jeshi na wa polisi wakashika viti vya serikali ya jimbo na vya mahali, na miji yetu miwili ikapata meya wa polisi. Katiba, kifungu cha 144, inataka hali hiyo iongezwe kwa siku 15 tu kila mara. Iliongezwa siku 15 kwa siku 15, mpaka miaka ikapita.

Si kazi yetu hapa kusema kwamba ofisa wa polisi hawezi kuwa meya mwema. Wako wenye bidii. Shida ni nyingine. Mtu mmoja akiwa ndiye anayepanga, ndiye anayekubali na ndiye anayeamuru malipo, hata akiwa mwaminifu hana njia ya kuonyesha uaminifu wake, maana hakuna aliyesimama kando akaona. Baraza lingemsaidia yeye kwanza kabla ya kutusaidia sisi.

Hata hivyo msidhani hakuna jicho juu yake. Kwa sheria hiyo ya 2008, guverneri wa jimbo ni mlezi wa miji na komini. Rasimu ya bajeti, kodi mpya na mikopo ni lazima vipite mbele yake kabla ya kuanza kutumika. Goma ilipochukuliwa na AFC/M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, serikali ya jimbo ilihamisha kazi zake Beni. Juu yake kuna Korti ya Hesabu, ambayo Katiba, kifungu cha 180, inaipa kazi ya kukagua hesabu za majimbo na za miji, na kuna Wakaguzi Wakuu wa Fedha. Wakaguzi hao wako mbali, na hawajui habari za mfereji wa kartie yenu mpaka mtu awaandikie.

Haya, tuje kwenye fedha. Mfuko wa mji unajazwa kwa njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni kodi za mahali penyewe, kama ile ya meza sokoni. Kodi hizo zimeandikwa katika orodha: ni amri yenye nguvu ya sheria, nambari 18/004 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2018, inayotaja kodi za jimbo na kodi za miji, komini, sekta na sheferi. Kodi isiyokuwamo katika orodha hiyo, meya hawezi kuitunga kwa kichwa chake, wala burgumesta, wala, mkumbuke neno letu, shefu wa kartie. Katiba imesema wazi katika kifungu cha 174 kwamba kodi huwekwa na sheria tu.

Njia ya pili ni fungu linalotoka kwa taifa. Tuchukue mfano wa franka 100 za mapato ya taifa yaliyopatikana katika jimbo. Katiba, kifungu cha 175, inasema franka 40 zibaki kwa jimbo, tena zikatwe palepale bila kusafiri kwanza mpaka Kinshasa. Katika hizo 40, sheria ya 2008 inataka 40 kwa mia ziende kwa miji, komini, sekta na sheferi. Hesabu yake ni franka 16 katika kila 100, na zinagawanywa kwa kuangalia wingi wa watu, ukubwa wa eneo, na uwezo wa kila mahali wa kuchangia. Ndivyo ilivyoandikwa. Katika matendo, fedha zilienda Kinshasa kwanza na kurudi kidogo kidogo, na franka 16 hizo hazijapata kufika zote. Kwa hiyo mji unabaki kuegemea mama wa mihogo, mwenye pikipiki na mwenye duka. Siku ya mji kufungwa, ile tunayoita "ville morte", mapato ya sokoni hayaingii, na wa kwanza kulikosa fungu lake ni mfereji, kwa sababu watumishi na mafuta ya gari hulipwa kabla ya mfereji. Sisemi watu wasifunge maduka kuomboleza wafu wao. Nasema tu hesabu hiyo nayo ijulikane.

Hapa watu wa Butembo wana sifa yao. Katika miaka ya 1990, Serikali ilipokuwa imewasahau, wafanyabiashara na raia walijichanga wakatengeneza barabara, wakaanzisha hata shirika la umeme, SENOKI. Ni jambo la kujivunia. Lakini desturi hiyo nzuri ina mlango wa nyuma. Mchango ni wa hiari. Ukilazimishwa umekuwa kodi, na kodi inataka sheria. Shefu akipita nyumba kwa nyumba kukusanya fedha za daraja, au za kulisha vijana wa zamu ya usiku, sharti aseme mambo matatu: ni nani aliyekubaliana naye, fedha zinawekwa kwa nani, na hesabu itasomwa siku gani. Jamaa ya wahamaji wanane wanaolala chumba kimoja isifungiwe njia ya kisimani kwa sababu haikuchanga.

Sasa tufuate franka ikitoka mfukoni mwa mji. Ni safari ya hatua nne, na sheria ya fedha za umma, nambari 11/011 ya tarehe 13 mwezi wa saba 2011, inataka zote ziwe na karatasi. Tuseme mji unataka kuchimba mfereji wa sokoni. Kwanza mji unafunga ahadi: unamwambia fundi, kazi hii ni yako kwa bei hii, na fungu lake limo katika bajeti. Pili, kazi ikiisha, inahakikiwa: mtu anakwenda kupima mfereji, aone kama ni mita zile zilizopatanwa. Tatu, meya anaamuru fundi alipwe. Nne, mshika fedha analipa. Mnaona kwamba anayeamuru na anayelipa si mtu mmoja? Sheria imewatenganisha kwa makusudi. Mahali wanapokuwa mtu mmoja, au mshika fedha anapoogopa kuuliza karatasi ya hatua ya pili, ndipo mfereji wa mita 100 unapolipwa ukiwa na mita 60.

Shefu wa kartie hana uwezo juu ya bajeti, lakini juu ya hatua ya pili anao uwezo mkubwa kuliko anavyofikiri, maana yeye anaishi kando ya mfereji. Amwulize burgumesta kwa barua: kazi hii ilipatanwa mita ngapi, na ni nani aliyekuja kuipima? Swali hilo halimtukani mtu. Ndugu zetu wa Kivu Kusini walijaribu jambo la namna hii katika miaka ya 2010: katika komini ya Ibanda, mjini Bukavu, na katika sheferi ya Luhwinja, raia waliitwa mikutanoni wachague kazi zitakazoingia katika bajeti, na wengine walialikwa au kupewa habari kwa ujumbe wa simu. Hawakungoja uchaguzi wa mabaraza. Jambo kama hilo linaweza kuanza hata kwa meya aliyeteuliwa, akitaka.

Swali linalotufikia mara nyingi ni hili: mdeplase ana neno gani katika mambo ya mji? Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi, aliyekwisha kushika jembe ana haki ya kuuliza habari za mavuno. Mama aliyetoka kusini mwa Lubero mwaka 2024, au aliyekimbia mauaji yaliyoanza upande wa Beni katika mwezi wa kumi 2014, akipanga bidhaa zake sokoni anadaiwa kodi ya meza kama mwenyeji. Kwa hiyo naye apewe kitansi kama mwenyeji, na akiuliza ajibiwe kama mwenyeji. Mtu anayetoza bila kutoa kitansi, fedha hizo hazina njia ya kuingia katika hesabu za mji. Tunaomba kila mama aweke vitansi vyake mahali pasipo mvua, vimefungwa kwa uzi. Siku ya mashitaka, kifurushi hicho kitasema kuliko makelele ya soko zima.

Jambo jingine linalowahusu wahamaji ni watoto waliozaliwa safarini. Kanuni ya jamaa, baada ya kurekebishwa mwaka 2016, inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto katika ofisi ya komini, na ndani ya siku hizo kuandikisha ni bure. Ofisi haiwezi kukukataa kwa sababu kijiji chako ni kingine. Siku 90 zikipita, inatakiwa hukumu ya Tribinali, na hapo gharama na safari zinaanza. Mashefu, mnapohesabu jamaa mpya katika kartie, ulizeni pia: kuna mtoto mchanga? Na waliopoteza karatasi zao vitani, Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wahamaji wa ndani zinataka wakubwa wawape nyingine bila kuwawekea masharti magumu, kama lile la kurudi kwanza kule walikokimbia.

Na msaada? Unga, mafuta na mahema ya mashirika, mara nyingi havipiti katika mfuko wa mji hata kidogo. Vina hesabu zake na wakubwa wake. Wakubwa wa mji na mashefu huguswa pale orodha za majina zinapoandikwa, na hapo ndipo upotevu unapoweza kuingia. Kwa hiyo jina lako likikosekana, swali ni la orodha: ni nani aliyeiandika, lini, na inasahihishwa wapi? Ukilipeleka kama swali la kodi ya soko, utarudishwa nyumbani bila jibu, na utarudi ukiwa na hasira ya mara mbili.

Niseme neno juu ya ardhi, kwa ufupi, maana ni habari ya kipindi kizima. Kwa sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, ardhi ni ya Serikali, na karatasi inayothibitisha haki ya mtu juu ya kiwanja inatolewa na mtunzaji wa hati za ardhi. Meya hauzi ardhi. Shefu wa kartie hauzi ardhi. Karatasi aliyotia saini shefu ni ushuhuda tu wa kwamba watu wawili walipatana. Wadeplase wengi wametoa akiba yao yote kwa karatasi ya namna hiyo, halafu mwenye kiwanja akatokea na hati.

Tukumbuke mambo mawili yaliyotokea Beni, mahali pamoja. Tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 2019, baada ya watu kuuawa usiku, umati wenye uchungu uliunguza ofisi ya mji. Na katika mwezi wa nne 2021 wanafunzi walikwenda kukaa na kulala siku nyingi katika uwanja wa ofisi ya mji, wakidai amani, mpaka polisi wakawatawanya. Uchungu ulikuwa mmoja, na sina la kuwafundisha waliofiwa. Lakini ofisi yoyote inapoungua, zinaungua pia daftari, na anayeumia zaidi ni yule asiye na nakala nyumbani, naye kwa kawaida ni mhamaji. Watoto wale walikaa mahali palepale, na karatasi ya mtu haikupotea.

Basi njia iliyo wazi ni ipi? Kwanza barua kwa aliyefanya jambo, au kwa mkubwa wake: jambo la kartie kwa burgumesta, la komini kwa meya, la meya kwa guverneri. Katiba, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani, akiwa peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kuandika ombi kwa wakubwa. Nao wanapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu, na ni marufuku kumshitaki mtu kwa sababu ya kuandika. Kiswahili ni lugha ya taifa katika Katiba hiyohiyo, basi asiyejua Kifaransa asiogope, ingawa nakala ya Kifaransa huharakisha mambo. Andikeni tarehe, mahali, kiasi cha fedha, na jina la kazi ya mtu. Msiandike matusi. Msiandike mliyosikia tu. Tieni saini wenyeji na wahamaji pamoja, maana ombi lenye saini za upande mmoja husomwa kama ugomvi wa kabila au wa kambi. Fanyeni nakala tatu. Moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, mrudi nayo nyumbani. Bila muhuri huo hamtaweza kuhesabu miezi mitatu.

Ikiwa uamuzi wa meya au wa burgumesta wenyewe unavunja sheria, kuna korti za mambo ya utawala, zilizopangwa na sheria ya tarehe 15 mwezi wa kumi 2016. Lakini zinataka kwanza uwe umemlalamikia aliyetoa uamuzi, na muda wake ni mfupi. Msiende kwa mwanasheria mwezi wa mwisho. Na mtumishi anayetoza kwa makusudi kitu kisichodaiwa amefanya kosa la jinai, kifungu cha 146 cha kanuni ya makosa. Hilo linapelekwa kwa paruke, pamoja na kile kifurushi cha vitansi.

Muda wetu umekwisha. Walio na maswali juu ya kodi za soko wayaandike pamoja na jina la soko na kiasi wanachotozwa. Tutayapanga na kuwapelekea wanaopaswa kuyajibu. Kipindi kijacho ni juu ya ardhi na viwanja.